Mkeka wa Kungojea Mtoto Aamke

Siku ya kuniaga mlinipa kanga doti mbili, saa ya ukutani, na keki ambayo nikisema ilikuwa kubwa kuliko meza yenyewe mtasema, "Haya, Bi Riziki kaanza." Naam, nimeanza. Nimetia chumvi maisha yangu yote, na presha yangu mnaijua. Basi katikati ya shangwe, Mwanaidi, muuguzi wetu mdogo kuliko wote, akaniuliza mbele ya watu: "Bi Riziki, na ule mkeka uliokunjwa nyuma ya mlango, tuutupe?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, kisha nikaenda chooni nikalia mpaka maji ya ndoo yakaniishia.

Kwa hivyo nimekaa hapa barazani kwangu Bububu, na daftari la mraba, nawaandikia nyinyi mliobaki kituoni. Vyeo naviacha, vimo ndani ya faili, na faili lina mchwa. Nataka kueleza huo mkeka tu. Lakini mkeka hauelezeki bila ya Bi Zuwena, na Bi Zuwena haelezeki bila ya siku nilipofika mbele yake nikiwa sijui kitu na najiona najua vyote.

Kazi ya hospitali niliingia na ufagio. Nilikuwa mpiga deki wa wodi ya watoto kule mjini, wodi ndefu kiasi kwamba ukianza upande mmoja asubuhi, ukifika upande wa pili ule wa mwanzo ushaota nyasi. Nilikuwa nikiwatazama wauguzi wanavyoshika watoto, nikasema na mimi nitashika. Tatizo ni kuwa skuli nilikuwa nimeiacha zamani. Nikajiandikisha masomo ya jioni, kwenye skuli moja ya Mji Mkongwe ambayo mchana ni ya watoto wadogo, na madawati yake vilevile ni ya watoto wadogo. Tulikaa magoti yakigusa videvu. Jirani yangu wa dawati alikuwa muuza urojo, baba wa watoto tisa, aliyejua kulala macho wazi huku anaitikia "ndiyo mwalimu." Mtihani nilifaulu mara ya tatu. Mara mbili za mwanzo nilikuwa napima kina cha maji. Baadaye nikaenda kusomea uuguzi, nikavaa nguo nyeupe, nikapangiwa kituo cha kaskazini, baina ya Mkokotoni na Matemwe. Jina la kijiji naliacha, maana nitakayoyasema yana wenyewe.

Bi Zuwena ndiye aliyekuwa mkuu wa kituo. Mwembamba, mrefu, na maneno yake ya siku nzima ungeweza kuyaandika kiganjani na pakabaki nafasi ya simu. Nilipofika nikamsalimu, "Shikamoo bibi," nikaanza kumsimulia vyeti vyangu. Akaniitikia "Marahaba," akanipa kitambaa nifute mizani.

Siku hiyohiyo ya kwanza alikuja mama mmoja kutoka Tumbatu. Alikuwa amevuka na kichanga cha wiki tatu, na kilio chake kilitangulia kufika kabla ya yeye mwenyewe. Kisa, dege limempata mwanawe. Wenzangu wa bara huenda hamlijui neno hili vizuri: dege ni ile hali ya mtoto kukakamaa na kutupatupa viungo, na wazee wetu wanasema huletwa na ndege apitaye juu ya nyumba. Yule mtoto alikuwa kalala mikononi mwa mamake. Mkono ukaruka. Mguu ukaruka. Mkono tena. Mimi nikakimbilia mtungi wa oksijeni kwa kasi ambayo hata hao ndege wasingeiweza.

"Wewe wa mjini," Bi Zuwena akasema, "kaa."

Akatoa nyuma ya mlango mkeka wa ukili, mkubwa, wenye mistari ya zambarau iliyofifia. Akautandika sakafuni, akamwambia mama amlaze mtoto, akakaa yeye mwenyewe, kanyoosha miguu, kama aliyekuja kusuka nywele. Nje watu wangoja. Yeye anatazama tu. Kila kiungo kikiruka, mama anaruka nacho. Mimi nilitaka kuushika ule mguu niutulize. Bi Zuwena akaniondoa mkono, akasema ukiubana waweza kuzidi. Kisha akamkuna mtoto wayo kwa ncha ya kidole. Mtoto akaamka, akanyooka, akatulia kimya kama maji ya mtungini, akaanza kutafuta ziwa. Akanyonya, akalala. Viungo vikaanza tena kuruka. Akaamshwa. Vikakoma.

"Unaona?" akamwambia mama. "Kinachokoma akiamka, ni cha usingizi. Kitamwacha mwenyewe, miezi michache tu."

"Si dege, bibi?"

"Si dege. Malaika wanacheza naye. Mnyonyeshe."

Mama alibusu mkono wa Bi Zuwena, wangu pia, mimi niliyeleta mtungi. Alipotoka, Bi Zuwena akanambia maneno mengi kuliko yote aliyowahi kunambia kwa mara moja: "Malaika ni maneno ya kumpa mama. Wewe yako ni kukaa. Usingizi una milango miwili, wa kuingilia na wa kutokea. Wauguzi wengi wanachungulia ule wa kuingilia, wanakwenda zao. Wewe usinyanyuke mpaka mtoto atoke, uone katoka vipi."

Nilikaa naye miaka sita. Nilimwona akiutandika ule mkeka mara nyingi kuliko nyota. Mara nyingi alisema malaika. Mara chache alinyamaza, akamwita dereva wa gari la wagonjwa kwa kidole, na mtoto akaenda mjini saa hiyohiyo. Kisha akastaafu, na baada ya mwaka na kitu akafariki. Tulimzika kwao. Mkeka aliniachia, bila ya hotuba.

Sasa mimi ndiye mkubwa, na mimi si Bi Zuwena. Watu wananipenda kwa sababu nachekesha. Foleni yangu ilikuwa inaanzia mlangoni na mwisho wake hauonekani, labda unafika Pemba. Kina mama wakiniletea mtoto anayerukaruka usingizini, nauliza mawili: anafanya akiwa kalala? Ukimwamsha anaacha? Ndiyo na ndiyo. "Malaika hao, nenda zako." Dakika mbili. Nilikuwa na jina. Walisema Bi Riziki anamjua mtoto kwa kumsikia mlangoni, na aliyeanza kulisema hilo ni mimi. Mkeka nikauona mzito, unashika vumbi, unachukua nafasi ya benchi. Nikaukunja. Kwanza ulifunika maboksi ya sindano, baadaye ukasimama nyuma ya mlango.

Kuanzia hapa, wanangu, chumvi naitoa. Kila kitu ni kwa kipimo chake.

Kazija alikuja siku ya chanjo, kiasi cha saa tano asubuhi. Alikuwa msichana wa miaka ishirini hivi, mkulima wa mwani, vidole vimechujuka kwa maji ya chumvi. Mtoto wake wa kwanza, Haji, alikuwa na miezi mitano, mnene, safi, kapakwa wanja mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo Bi Riziki."

"Marahaba mwanangu. Lete huyo bwana harusi."

"Bi Riziki, anafanya kitu."

"Kitu gani? Kaomba posa?"

Akacheka kidogo, cheko la adabu. "Anashtuka. Mwili mzima. Kwenye usingizi huko."

"Mikono na miguu?"

"Mikono anaitupa, halafu kama anainama hivi." Akainamisha kichwa chake mwenyewe mpaka kidevu kikagusa kifua. "Mamamkwe anasema anarukuu."

Benchi zima likasema maashallah. Na mimi nikasema.

"Ukimwamsha anaacha?"

"Mimi simwamshi. Huwa akishaamka mwenyewe ndiyo..."

Hapo mtoto mwengine alichomwa sindano akapiga kelele, nikageuza kichwa. Nilipokirejesha sikuuliza sentensi ile ilikuwa inakwenda wapi. "Basi," nikasema, "malaika wanacheza naye."

"Lakini akishainama analia, Bi Riziki. Mtu anasali akalia?"

"Wachamungu hulia, mwanangu."

Foleni ikaangua kicheko. Nilijiona hodari. Kazija akamfunga mwanawe kanga, akaenda mpaka mlangoni, akageuka.

"Na hanichekei tena," akasema.

"Meno hayo," nikamjibu, nikaita kadi inayofuata.

Nimeyarudia mazungumzo hayo kichwani mara ambazo sihitaji kuzikuza. Alinieleza ugonjwa wote. Daktari bingwa asingeeleza vizuri zaidi. Alisema unakuja akishaamka, alisema unaukunja mwili, alisema analia baadaye, alisema mtoto kaacha kucheka. Nami nilikuwa na jibu mkononi tangu kabla hajaingia.

Miezi miwili ikapita. Tukaenda kijijini kwao na kliniki ya mkoba, tukapima na kuchanja chini ya paa la madrasa. Tulipomaliza, bibi mmoja akanishika mkono. Alikuwa Bi Sichana, mamamkwe wa Kazija, mjane wa aliyekuwa muadhini wa msikiti wa pale.

"Bi Riziki, huondoki hujamwona mjukuu wangu. Wewe mwenyewe ulisema malaika. Basi njoo uone, ni zaidi ya malaika."

Nikaenda, nikitarajia kahawa. Uwani kwao palikuwa na wanawake saba wamekaa kando ya ukuta, mmoja alikuja kutoka Mkokotoni kwa ajili hiyo. Haji kalala juu ya busati, kavishwa kofia ya kiua. Mkononi ana hirizi mpya. Kazija alikuwa jikoni. Aliponiona alinisalimu, lakini hakutoka.

"Ngoja," Bi Sichana akaninong'oneza. "Itaadhiniwa sasa hivi. Babu yake kamwachia."

Kipaza sauti cha msikiti kilikuwa nyuma ya ukuta wa uwa huohuo. Adhana ya alasiri ilipoanza, mtoto akaamka, kama ambavyo angeamka mtoto yeyote. Akafumbua macho. Akatulia kidogo. Kisha kichwa na kiwiliwili vikakunjika mbele kwa ghafla, mikono ikatupwa pembeni, ikabaki hivyo kwa muda wa kusema "bismillahi," ikalegea. Wanawake wakasema Allahu Akbar. Akakunjika tena. Na tena. Baina ya moja na nyengine ungeweza kuvuta pumzi mbili.

Nikapiga magoti kwenye busati. Nikahesabu kwa vidole, nikarudia vidole. Katikati nikamwita kwa jina, nikampigia makofi, nikauweka uso wangu mbele ya uso wake. Macho yake yalinipita kama mtu apitaye mbele ya nyumba iliyohamwa. Alikunjika mara ishirini na moja. Alipomaliza akalia, kilio kile ambacho Kazija alinambia, nami nikakijibu kwa mzaha.

Nikainua kichwa. Kazija alikuwa amesimama mlangoni pa jiko.

"Anafanya wakati wa adhana tu?" nikamuuliza.

"Kila akiamka. Asubuhi, mchana, wakati wowote. Nlisema. Wakanambia hizo ni sunna."

Hakuna aliyecheka.

Nikamgeukia Bi Sichana. "Bibi, huyu mtoto anaumwa."

"Anaumwa nini? Kamshike, hana hata homa."

"Hana homa. Ni kifafa. Kipo kifafa cha watoto wadogo kinachokuja hivi."

Wanawake walianza kuokota mabuibui yao. Neno lile kwetu linafukuza watu.

"Kifafa!" Bi Sichana akasimama. "Kifafa mtu anaanguka, anatoka povu! Huyu anamwinamia Mola wake, wewe wamwita mwenye kifafa? Na wewe ndiye ulosema malaika!"

"Mimi ndiye," nikasema. "Nilisema bila ya kumtazama."

Wanawake wakaondoka mmoja mmoja. Tukabaki watatu na mtoto. Nikamwomba Kazija simu yake, maana yangu haikuwa na kamera ya maana. Alasiri ile Haji alilala tena kidogo, na alipoamka nilimrekodi mwanzo mpaka mwisho. Kisha nikampigia daktari wa watoto kule mjini, ambaye amenijua tangu enzi za ufagio.

"Bi Riziki! Leo chumvi vijiko vingapi?"

"Leo hamna chumvi, daktari. Nakutumia picha."

Alinipigia baada ya dakika chache na sauti yake ilikuwa nyengine. "Mlete leo. Usingoje kesho."

Gari la kituo lilimpeleka. Njia nzima Kazija alimpakata, na mimi mbele nikitazama barabara. Kutoka mjini walimvusha kwenda Dar es Salaam, kupimwa mawimbi ya ubongo, na dawa zikaanzwa. Baada ya wiki mbili kule kuinama kukakoma, hakukurudi. Walipomrejesha kijijini, Bi Sichana alimngoja aamke kwa adhana. Haji akaamka, akalala vilevile chali, anatazama dari. Yule bibi akakaa chini, akajifunika kanga usoni. "Mmemkatisha sala zake," akasema. Nilikuwepo. Najua alikuwa analilia kitu chengine, lakini hilo ndilo neno alilokuwa nalo.

Haji hakusema. Mpaka leo hasemi. Alikaa kitako na miaka mitatu, akatembea na sita, kwa kushikwa. Nilimuuliza daktari, faraghani, kama ile miezi miwili ndiyo iliyomla. Daktari yule ni mkweli. Akasema wapo wanaotibiwa mapema na wakabaki hivyohivyo, kwa sababu kilicholeta kifafa chenyewe kipo ndani. Wapo wanaowahi na wakapona. "Kwa Haji sijui, Bi Riziki. Ila kuwahi ni bora kuliko kuchelewa, na tulichelewa." Alisema "tulichelewa." Nilimshukuru kwa ule wingi, lakini najua ni umoja.

Nilikwenda kwa Kazija kumwomba radhi. Nilijiandaa njia nzima, na mnajua mimi maneno hayaniishi. Nikamkuta anaanika mwani kwenye chanja. Nikasema, "Kazija, ulinambia. Siku ile ya chanjo ulinambia kila kitu, nikakwambia malaika."

"Nnajua," akasema. "Nlikuwepo."

Akaendelea kutandaza mwani. Baadaye akanikaribisha chai. Kila Ijumaa tangu hapo nilikuwa nikipita kumnyoosha Haji viungo, kama walivyotufundisha mjini. Hakuwahi kunilaumu, na hakuwahi kuniambia nimesamehewa. Hakuzaa tena kwa miaka minane. Mumewe akitaka, yeye hataki. "Khofu," alinambia mara moja tu.

Mkeka niliutoa siku ileile niliyorudi kutoka mjini. Niliufuta kwa kitambaa cha maji, na tangu hapo hakuna mtoto wa kurukaruka aliyetoka chumbani kwangu bila ya kulala juu yake. Ndiyo maana foleni ilikuwa ndefu, Mwanaidi, na ndiyo maana mlikuwa mkinung'unika. Nilikuwa nawasikia.

Basi nisikilizeni, maana haya ndiyo mliyoyalipia kwa keki. Kichanga anaporusha mkono au mguu akiwa usingizini, wiki za mwanzo na miezi ya mwanzo, na akiamka inakoma papo hapo, na ananyonya, anakua, anakutazama, huyo usimwogope. Anayetupa mikono mlango ukibamizwa, naye ni mzima. Na kidevu kinachotetemeka akilia, vilevile. Mtoto aliye macho akitetemeka mkono, ushike kwa upole. Ukitulia ndani ya kiganja chako, mara nyingi si kitu, ingawa umtazame kama kanyonya, asije akawa sukari imemshuka. Lakini kinachoendelea ingawa umeushika na ingawa kaamka, hicho si cha usingizi. Kinachokuja kwa mfululizo, kimoja nyuma ya chengine vinavyofanana, hasa akitoka usingizini, hicho kiogope hata kama kila kimoja ni kidogo kama kwikwi. Macho yakienda upande, midomo ikiiva buluu, pumzi ikikatika, upande mmoja tu wa mwili ukirukaruka, homa ikiwepo: gari. Usitie kijiko kinywani, usimwagie maji. Mlaze ubavu, utazame saa. Mama akikwambia mtoto kaacha alichokuwa akikijua, hachekei, hafuati uso, hashiki tena kidole, basi hata mwili usiporuka kabisa, gari. Simu zenu zote zina kamera nzuri kuliko macho yangu. Rekodini, mtumeni mtoto na picha yake siku hiyohiyo.

Na mama akianza sentensi, mwacheni aimalize. Hili halimo kwenye vitabu vyangu vya jioni.

Nafunga na wiki yangu ya mwisho kazini, ambayo hamkuijua, maana mlikuwa mnanificha habari za keki. Kazija aliingia, siku isiyokuwa ya chanjo. Mgongoni hana mtoto. Mtoto yuko mbele, kichanga cha kike cha wiki tano. Haji kamshika mkono, ana miaka tisa sasa, mrefu, anavuta mguu mmoja, anatazama feni. Kazija hakusalimu hata. Akasema, "Anashtuka usingizini." Midomo yake ilikuwa mikavu.

Nikafunga mlango, nikautandika mkeka. Kichanga tukakilaza katikati. Kazija akakaa upande mmoja, mimi upande wa pili, na Haji akajinyoosha miguuni petu, anachezea mstari wa zambarau kwa ukucha.

Mtoto akalala. Mkono ukaruka. Kazija akashika pindo la kanga yangu, si yake. Mguu. Mkono. Nikamkuna wayo kwa ncha ya kidole. Akaamka, viungo vikatulia. Kazija akanitazama.

"Bado," nikamwambia.

Tukamwacha alale tena. Viungo vikaruka tena, na sisi tukakaa. Nje mtu aligonga, akachoka, akaenda zake. Ilipita karibu saa nzima, na hii ni kwa saa ya ukutani pale kituoni, si saa yangu. Mwisho mtoto akaamka mwenyewe, bila ya kuguswa. Tukamwinamia wote wawili. Akapiga miayo. Akajinyoosha. Kichwa hakikuinama. Akautafuta uso wa mamake, akaupata, akautazama, akautazama. Tukangoja zaidi. Hakuna kilichokuja.

"Sasa sema," Kazija akanambia.

"Niseme nini?"

"Lile ulonambia."

Neno lile sikuwa nimelitamka kwa miaka tisa, kwa mama yeyote. Lilikuwa zito kulitoa kuliko mtungi wa oksijeni. "Malaika hao, Kazija," nikasema. "Wanacheza naye."

Akatikisa kichwa kukubali. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Ahsante," akasema. "Mara hii umengoja."

Tukataka kunyanyuka, tukamwona Haji kalala, shavu juu ya ukili, mdomo wazi. Kazija akanyoosha mkono kumwamsha, kisha akaurudisha. Tukakaa hapohapo, kila mmoja upande wake wa mkeka, tukamngojea aamke.